Muhula Niliofunga Mdomo

Juzi nilikwenda kwa fundi seremala kule Chang'ombe kuagiza mlango wa jikoni, maana ule wa zamani mchwa wameula kutoka ndani, wakatuachia rangi tu. Nilikuwa na binti yangu Nuru, ambaye hawezi kukaa mahali bila kushika kila kilichopo. Fundi alikuwa akipiga randa ubao wa mninga. Nilipovuta pumzi, ile harufu ikaniingia, tamu kidogo na chungu kidogo, na mkono wangu ukapanda wenyewe hadi shingoni, ukaanza kupapasa kamba ambayo haipo na haijawahi kuwepo.

"Mama, umeumwa na mdudu?" Nuru akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu. Kumjibu Nuru hivyo ni sawa na kumfungulia mtu mlango halafu kumwambia asiingie. Ikabidi niketi kwenye benchi nimsimulie, na fundi naye, huku akijifanya hana habari nasi, akaacha kupiga randa.

Nilichomsimulia ni muhula mmoja tu wa shule ya msingi. Wenzangu wa rika langu, mliopita njia hiyohiyo, mtanielewa upesi. Watoto wa leo watadhani natia chumvi.

Tulitoka Kondoa. Mama alikuwa karani wa serikali, akapata uhamisho kuja Dodoma mjini, na Baba akabaki na duka lake la vitambaa, akawa anakuja kutuona kwa basi kila alipopata wa kumwachia duka. Kule Kondoa nilisoma shule ya kawaida, kwa Kiswahili, na nyumbani kwa Bibi tulizungumza Kirangi. Kiingereza nilikijua kwa kiasi cha kuimba salamu ya asubuhi pamoja na darasa zima, bila kufahamu neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Tulipofika mjini tu, wenzake Mama wa ofisini wakamjaza maneno: mtoto asipoanza Kiingereza mapema, sekondari itamtoa jasho. Basi nikaingizwa darasa la nne kwenye shule ambayo kila kitu, kuanzia hesabu hadi kuomba ruhusa ya kwenda chooni, kilifanyika kwa Kiingereza.

Huko nilipokelewa na kibao. Kilikuwa kipande cha mninga, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, kimetobolewa tundu na kupitishiwa kamba ya katani, na juu yake yamechomwa kwa moto maneno ya kumkumbusha mvaaji kwamba hapa ni Kiingereza tu. Kilinukia mninga na jasho la shingo za watoto. Sheria yake haikuwa ngumu. Ukisema neno la Kiswahili ndani ya uzio wa shule, unavishwa. Unakaa nacho mpaka umsikie mwingine akiteleza, ndipo unamvisha yeye. Atakayekuwa nacho kengele ya mwisho ikilia, anabaki kufagia darasa peke yake, na vumbi la Dodoma mnalijua: unalifagia, linangoja ugeuke, linarudi.

Sasa mwenye kibao haketi akangoja bahati. Anawinda. Mwindaji wa kwanza niliyemfahamu aliitwa Elia, mtoto wa mchungaji, ana uso wa upole kabisa. Alinijia wakati wa mapumziko, akatabasamu, akanipa karanga za kukaanga, na nilipokuwa nazitafuna akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino. Machozi yalinitoka lakini sauti niliimeza pamoja na karanga. Akanitazama kwa heshima kidogo, akaenda kujaribu kwa jirani yangu. Yule maskini alilia "Mama!" na mapumziko yote yakaisha watu wakibishana, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kama neno hilo ni Kiswahili au ni la kila mtoto duniani. Waliamua ni Kiswahili, akavishwa.

Mimi nikajipigia hesabu hapohapo. Kiingereza sina. Kiswahili hakiruhusiwi. Kirangi sina hakika kama nacho kimekatazwa, na hata nikitaka kuuliza, nitauliza kwa lugha gani? Nikaona njia iliyobaki ni kufunga mdomo. Jina langu ni Saumu, kwa kuwa nilizaliwa mwezi wa Ramadhani, na nyumbani walizoea kunitania kwamba hajapata kutokea mtu aliyepewa jina lisilomfaa kama mimi, kwa jinsi nilivyokuwa na maneno mengi. Muhula ule nililitendea haki jina langu.

Kunyamaza kuna ufundi wake. Unajifunza kucheka kwa mabega. Unajifunza kuomba rula kwa nyusi. Darasa likijibu kwa pamoja, unafungua na kufumba mdomo na wenzako, na hakuna anayejua kwamba kwako hakutoki kitu. Ukiulizwa peke yako, unasimama, unatazama viatu, na mwalimu anachoka kabla yako. Nikishavuka geti jioni, maneno ya kutwa nzima yanaanza kunitoka. Mama akichambua mlenda, nipo nyuma yake nasema. Akianika nguo, nipo chini ya kamba nasema. "Saumu, mwanangu," alikuwa akiniambia, "huo mdomo hauumi?" Yeye aliamini shuleni niko vilevile. Shuleni nao waliamini nyumbani niko kama wanavyoniona. Aliyejua pande zote mbili ni mimi tu.

Aliyenifurahisha katika kimya kile alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, Madam Koku. Alikuwa mwanamke mrefu kutoka Bukoba, mwenye mikono isiyotulia, na tulipofikia vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kineno nyuma yake, hakuandika kitu ubaoni. Alisimama mbele yetu akaanza kutuamuru. "Stand up!" Tukasimama. "Turn round!" Tukageuka. "Put your bags down! Pick them up!" Ilikuwa katikati ya mwaka, wakati upepo wa Dodoma unapopita chini ya mlango na kukata vifundo vya miguu, naye akatuambia, "Take off your sweaters!" Tulipokwisha kuvua na kuanza kutetemeka akapiga makofi, "Now put them on, quickly!" Darasa likawa vurugu tupu, kichwa cha huyu kimeingia mkono wa sweta la yule.

Nami nilikuwa wa kwanza kwa kila amri. Kumbe kulikuwa na Kiingereza kisichohitaji mdomo! Nilisimama, nikakaa, nikainua, nikashusha, nikavua, nikavaa, na Madam Koku akawa ananitazama mimi kuliko wengine. Nilianza kuvipenda vile vineno. Kwetu, ukitaka kitenzi kifanye kazi nyingine unakibadilisha mkia: funga, fungua, fungia, fungisha. Wao kitenzi wanakiacha kama kilivyo, halafu wanakifuatisha kineno, na kazi inabadilika. "Take" yenyewe ni kuchukua, lakini ikifuatwa na "off" ni kuvua, ikifuatwa na "out" ni kutoa, na ikifuatwa na "away" kitu kinakwenda zake. Nilikuwa nimechunga mbuzi wa Bibi, kwa hiyo niliwaza mbuzi na mwanawe. Mbuzi ni yuleyule, lakini huwezi kujua anaelekea wapi mpaka umwone mwana anayemfuata.

Kuna vitenzi vinavyokubali kitu kupita katikati yao na vineno vyao. Unaweza kuvua sweta kwa kusema "take off your sweater", unaweza pia kuliweka sweta katikati, "take your sweater off", na hakuna atakayegomba. Vingine havikubali. "Look after", kutunza, ni mama na mwana wanaolala pamoja, ukitaka kutaja unachokitunza kiweke nje. Na kuna kale kaneno "it", ambako Madam Koku alikaonea huruma sana. Alituonyesha kwa mikono: hako ni kadogo mno, ukikaacha mwishoni kabisa upepo utakachukua, kwa hiyo kashikwe katikati. "Put it down." Mkono mmoja ukawa "put", mwingine ukawa "down", na katikati ya viganja akakashika kale kadogo kama kifaranga. Sikuyaelewa maneno yake yote, ila mikono niliielewa.

Siku moja akatuamuru, "Give up!" Nikaichukua penseli yangu, nikasimama, nikainyoosha juu kabisa kuelekea kwenye dari, kumpa aliye juu. Darasa liliangua kicheko mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Madam Koku hakucheka. Alikaa kitini, akaviacha vitabu vyake vimwanguke, akalegeza mabega kama mtu aliyechoka na maisha, akatikisa kichwa: kumbe maana yake ni kukata tamaa. Hakuna kinachokwenda juu wala anayepewa. Nilikaa chini nimenyong'onyea. Nilikuwa nimeamini kwamba Kiingereza chote kinaweza kutendwa kwa mikono na miguu, na sasa naambiwa vipo vinavyopokelewa vizima vizima bila kuuliza.

Jioni nikamlalamikia Mama. Alikuwa ameinamia pasi ya mkaa, akipuliza makaa kwa kupepea kifuniko cha sufuria.

"Lugha gani hiyo, Mama? Wanasema kitu wanamaanisha kingine."

"Mimi hapa nafanya nini?"

"Unapiga pasi."

"Umeona mtu kaumia?" Akaigeuza sketi yangu ya shule upande wa pili. "Na asubuhi ulipiga mswaki. Baba yako akipiga simu kutoka Kondoa, nani analia? Hebu waache watu na lugha yao."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ule mzigo wa penseli na dari ukanitoka, nikaona Waingereza ni watu kama sisi, wana vituko vyao.

Lakini mambo yalikuwa yakipikwa bila mimi kujua. Mchana mmoja, muhula ukielekea ukingoni, nilitumwa kusuuza kitambaa cha kufutia ubao kwenye bomba lililo nyuma ya chumba cha walimu. Dirisha lilikuwa wazi. Kilichonishtua kwanza ni lugha: walimu walikuwa wakizungumza Kiswahili, tena kwa raha zao, na hakuna aliyevaa kibao. Nikajiambia kwamba wao ndio wenye kibao, hawawezi kujivisha. Kisha nikamsikia Mwalimu Mkuu.

"Na huyu mtoto wa Kondoa tunamfanyaje? Muhula unakwisha, hajatoa neno."

"Anasikia vizuri, Mwalimu," akasema Madam Koku. "Nikisema chukua, anachukua. Nikisema weka, anaweka. Hana tofauti na wenzake."

"Kusikia anasikia. Kusema je? Mimi nadhani ana shida, na sisi hapa hatuna utaalamu huo. Ziko shule za bweni za watoto wa namna yake, kule watamsaidia. Tukimng'ang'ania tunamwonea. Nimempigia simu mama yake, anakuja Ijumaa tukubaliane."

Neno "bweni" lilinifanya niache maji yatiririke hadi miguuni. Nilikuwa nimekwisha kumwacha Bibi, Baba namwona kwa kusubiri basi, na sasa wanataka kunitenga na Mama pia. Mtu mzima ataniuliza, si ungesema tu? Nilijaribu. Kesho yake Madam Koku aliponiuliza swali nilisimama nimekusudia kabisa, nikafungua mdomo, na sauti haikuja. Nilikuwa nimeizuia muda mrefu mno, ikawa hainisikii tena. Nikatazama viatu, kama kawaida yangu.

Na kwa nini sikumwambia Mama? Hapo ndipo mlipo na haki ya kunicheka. Mimi niliamini kibao hakichagui umri. Ukiingia ndani ya uzio ukasema Kiswahili, unavishwa, awe mtoto, awe mzazi. Na Mama yangu alikuwa mtu wa salamu. Angeanza na mlinzi getini, amuulize habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, na za mvua ambayo bado. Angemsalimia mpishi wa uji. Angewaamkia wazee wote watakaopita. Elia asingepata windo zuri kama lile maisha yake yote. Kila nilipofumba macho nilimwona Mama na baibui lake la Ijumaa, kibao kinaning'inia kifuani, ameinama anafagia darasa la nne na watoto wamejaa madirishani. Bora bweni, nilijiambia, halafu nikiwaza bweni nilijiambia bora kibao, nikawa sina pa kuegemea.

Alhamisi jioni Mama alikuwa akinisuka nikajaribu.

"Mama, kesho usiende shuleni. Una kazi nyingi."

"Nimeshaomba ruhusa."

"Basi ukifika usimsalimie mtu."

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. "Nisimsalimie mtu? Ndivyo nilivyokufunza?"

"Wewe tikisa kichwa tu. Kwa kila mtu, tikisa kichwa."

"Saumu, umefanya nini huko shuleni?"

"Sijafanya kitu," nikasema, na kwa kweli hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Akaniambia nitulie amalizie mstari.

Ijumaa alikuja baada ya swala. Nilimwona kwa dirisha la darasa, baibui linapeperushwa na upepo, amesimama na mlinzi. Walisalimiana mpaka mlinzi akavua kofia. Nikamtazama Elia, ambaye ndiye aliyevishwa asubuhi ile, nikakuta shingo yake haina kitu. Nilikuja kujua baadaye kwamba wakati wa mapumziko alimkanyaga mtoto wa darasa la pili hadi ukucha ukang'oka, na Mwalimu Mkuu akamnyang'anya kibao. Wakati ule niliona tu kwamba kibao hakipo shingoni, na mwindaji nisiyemjua yuko huko nje na Mama yangu. Mara nikaitwa ofisini.

Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma ya meza yake, Madam Koku amesimama karibu na kabati, na Mama ameketi kwenye kiti cha wageni. Juu ya meza, karibu kabisa na kiwiko chake, kilikuwepo kibao.

"Mama Saumu," Mwalimu Mkuu alikuwa akisema kwa upole, "tumekuita kwa sababu mtoto hasemi."

"Hasemi nini?"

"Hasemi. Tangu amefika, hatujasikia sauti yake."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Saumu huyuhuyu?"

"Huyuhuyu. Ndiyo maana tunafikiria shule ya bweni, ambako watoto wa namna hii wanasaidiwa."

Mama ana tabia moja mpaka leo: akichanganyikiwa, mikono yake hutafuta kitu cha kushika. Siku ile ilikipata kibao. Alikichukua bila kukitazama, akakigeuza, akaupitisha mkono kwenye kamba, kisha akakiinua usawa wa kifua ili asome kilichoandikwa. "Mwanangu anasema, Mwalimu," akaanza, kwa Kiswahili chake cha wazi, kibao kimemfika karibu na shingo.

"Put it down!"

Sikujua ni nani aliyepiga kelele. Nilijua tu kwamba miguu yangu ilikuwa imekwisha kunifikisha mezani na mkono wangu unavuta kamba. "Mama, put it down! Put it down!"

Mama hakuwa na Kiingereza cha kujisifia, lakini alikiweka chini mara moja, kama mtu aliyeambiwa ameshika nyoka. Madam Koku alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na nyuma ya mikono ile alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Si huyo?" Mama akasema alipopata pumzi. "Mnaniambia hasemi! Nyumbani tunamwomba anyamaze tusikie taarifa ya habari!"

Mwalimu Mkuu akaja akachuchumaa mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliniuliza kwa Kiingereza, polepole, kwa nini muda wote huo sikusema. Nilifungua mdomo, na ile sauti iliyokuja yenyewe ikawa imeondoka tena. Nilichoweza ni kukitazama kibao. Madam Koku akaona macho yangu yalipokwenda. Akasogea mezani, akakichukua, akainamisha kichwa, akajivika.

"Haya," akasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akinisemesha Kiswahili. "Kibao ninacho mimi, na leo simpi mtu. Sema, Saumu. Sema kwa lugha unayoitaka."

Nikasema. Sijui nilianzia wapi. Nilisema habari za karanga na kisigino, za kucheka kwa mabega, za Kirangi ambacho sikujua kama kimo au hakimo. Nilisema kwamba nilikuwa nyuma ya dirisha siku ile ya bweni. Nilisema nilivyomkataza Mama asisalimie watu, kwa sababu wangemvisha kibao na kumfanya afagie darasa akiwa na baibui lake la Ijumaa. Hapo Mama, aliyekuwa akicheka muda wote, akaacha kucheka. Alinivuta, akanibana kwenye lile baibui lililonukia udi.

"Kumbe ulikuwa unanilinda mimi," akasema. "Mtoto mdogo hivi."

Mwalimu Mkuu alisafisha miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema habari ya bweni imekwisha, na kwamba hakuna atakayenipeleka popote. Nakumbuka jinsi mwili wangu ulivyolegea niliposikia maneno yale. Nilijisikia mwepesi, nikataka kulala palepale sakafuni, na nilipomaliza kutaka kulala nikahisi njaa.

Kengele ya mwisho ikalia tukiwa bado humo. Watoto wakatoka mbio, na Madam Koku akaelekea darasa la nne na kibao chake shingoni.

"Madam, acha bwana," Mwalimu Mkuu akamwita. "Hilo halikuhusu."

"Sheria ni sheria, Mwalimu. Kengele imenikuta nacho."

Akachukua fagio la chelewa lililokuwa nyuma ya mlango, akainama na viatu vyake vizuri, akaanza kufagia. Watoto waliokuwa wamefika getini walirudi. Walijaa madirishani sawasawa na nilivyoota, Elia mbele yao mdomo wazi, lakini hakuna aliyecheka. Mama alisimama mlangoni kidogo, kisha akapandisha baibui, akalifunga kiunoni.

"Nipishe hapo, Mwalimu," akasema. "Mimi nimesema Kiswahili tangu getini."

"Basi kamata upande ule, Mama Saumu."

Nami nilikuwa nimekisema, tena kuliko wote. Nikaenda kuchota maji kwa kopo, nikawa nayanyunyiza mbele yao ili vumbi lisipande. Tulifagia hivyo, watatu, Madam Koku akimuuliza Mama habari za mvua za Kondoa, Mama akimuuliza habari za ndizi za Bukoba, na mimi nikiwakatiza wote wawili kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, ndani ya uzio wa shule. Baada ya hapo Kiingereza kilikuja chenyewe, taratibu, na makosa yake yote. Sikuyaogopa tena.

Nilipomaliza kusimulia, fundi alipuliza vumbi la mbao kwenye mikono yake, akasema mlango utakuwa tayari wiki ijayo. Nuru alikuwa ameshika kipande cha mninga kilichokatwa pembeni, anakigeuzageuza.

"Jumatatu yake nani alikivaa?" akaniuliza.

"Hakuna. Madam Koku alikwenda nacho nyumbani shingoni. Jumatatu watoto walipomuuliza, alisema amekisahau."

"Na Jumanne?"

"Akasema amekisahau tena."

"Na siku nyingine?"

"Aliendelea kukisahau," nikamwambia, "mpaka nikamaliza darasa la saba."